Yadi 50 ndani ya kiwanja cha barafu: msimu wa kwanza wa Arena Football League, 1987

Kiwanja cha hoki ya barafu Marekani kina urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, sawa na mita 61 kwa 26 hivi. Kiwanja cha futiboli ya Kimarekani, bila kuhesabu maeneo ya kufungia kwenye ncha zake mbili, kina yadi 100 kwa futi 160, ambazo ni kama mita 91 kwa 49. Kikubwa hakiingii ndani ya kidogo. Aliyeamua kulazimisha ndoa hiyo ni Jim Foster, mwanzilishi wa Arena Football League, ligi ya futiboli ya ndani ya ukumbi, na karibu kila sheria iliyowashangaza watu mwaka 1987, kuanzia nyavu zinazorudisha mpira hadi mchezaji mmoja kushambulia na kulinda, inaeleweka ukianza na vipimo hivi. Ukianza na kelele za matangazo ya wakati ule utauona kama mchezo wa kuchekesha watu, na hapo utakuwa umewaonea waliouandaa.

Foster alikuwa mfanyakazi wa NFL Properties, kitengo cha biashara cha ligi kuu ya futiboli. Tarehe 11 Februari 1981 alikuwa Madison Square Garden, New York, akitazama mechi ya nyota wa MISL, ligi ya soka la ndani. Soka lilikuwa limehamishiwa kwenye kiwanja cha hoki, ubao wa pembeni ukitumika kama mchezaji wa ziada. Kama soka limewezekana, futiboli je? Akachukua bahasha ya kaki aliyokuwa nayo akachora kiwanja hapohapo.

Mchoro huo ulilala miaka kadhaa, na si kwa uzembe. Mwaka 1983 ilianza USFL, ligi mpya ya futiboli ya nje iliyochezwa majira ya kuchipua, na Foster akaenda kufanya kazi kwenye klabu zake. Ligi hiyo ilicheza mara ya mwisho mwaka 1985. Kesi yake dhidi ya NFL ikaamuliwa Julai 1986: ilishinda, lakini fidia ikawa dola 1, ambayo kwa sheria ya ushindani huzidishwa mara tatu, zikawa dola 3. USFL haikurudi tena uwanjani. Mamia ya wachezaji waliozoea kulipwa wakabaki hawana timu, na makocha vilevile. Kwa mtu mwenye wazo la ligi mpya, hiyo ilikuwa akiba ya watu waliokwisha kufundishwa.

Hesabu ya kiwanja

Foster alikata urefu kwa nusu: yadi 50, ambazo ni futi 150. Kila ncha akaipa eneo la kufungia la yadi 8, au futi 24, badala ya yadi 10 za kawaida. Jumlisha 150 na 24 na 24, unapata futi 198. Kwenye kiwanja cha futi 200 zinabaki futi 2, yaani hatua moja fupi kila mwisho kabla hujaugonga ubao. Kwa upana hakubaki kitu kabisa. Futi 85 zote zilitumika, kwa hiyo mstari wa pembeni ukawa ukuta wenyewe, ule ubao wa hoki uliofunikwa kwa magodoro ya sponji.

Hapa mtu husema "kiwanja nusu," na anakosea. Urefu ni nusu, lakini upana pia umepungua. Eneo la kuchezea, bila ncha, limebaki robo na kidogo ya lile la nje. Kwa watu 22 kungekuwa na msongamano kama wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, ndiyo maana kila timu ikatoa wachezaji 8 badala ya 11. Hata hivyo ukigawa eneo kwa vichwa, kila mchezaji alipata kama yadi za mraba 88, ilhali mwenzake wa nje ana zaidi ya 240. Theluthi, na hapo tayari timu zimepunguzwa.

Kwa msomaji aliyezoea soka, mambo ya msingi ni haya. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kuusogeza yadi 10; ikifaulu inapewa mengine manne. Ikifika nao kwenye eneo la kufungia ni tachidauni, pointi 6, na nafasi ya kuongeza. Ikikwama inaweza kuupiga mpira kwa mguu katikati ya nguzo mbili ikapata pointi 3. Nje, timu iliyo mbali na nguzo ikifika jaribio la nne kwa kawaida hubutua: mmoja anaupiga mpira mbali ili wapinzani waanzie kwao ndani kabisa.

Sasa jaribu kubutua ndani ya ukumbi. Mpira uliopigwa na mtaalamu huenda yadi 40 na zaidi, na hupaa juu sana. Katikati ya ukumbi umening'inia ubao wa matokeo, na kiwanja chote kina yadi 50. Ama unagonga ubao, ama unaishia kwa watazamaji. Kubutua kukapigwa marufuku. Uamuzi huo mmoja ulibadilisha mchezo kuliko unavyoonekana, kwa sababu timu haikuwa tena na njia ya kusalimu amri kwa heshima. Jaribio la nne likawa ama ushambulie, ama upige kwenye nguzo popote ulipo.

Lakini hapo tatizo jingine likazaliwa. Ukiwa katikati ya kiwanja, una yadi 25 hadi mstari wa goli, 8 za eneo la kufungia mpaka zilipo nguzo, na kama 7 za kurudi nyuma ili mpira uwekwe na kupigwa. Jumla ni yadi 40. Kwa mpigaji wa kulipwa hilo ni teke la kawaida. Nguzo zingebaki na upana wa NFL, futi 18 na nusu, kila timu ingevuka kati, ipige, ichukue pointi 3 na mechi iishe usingizini. Ndiyo sababu nguzo zilibanwa zikawa na upana wa futi 9, chini kidogo ya nusu, na mwamba ukapandishwa kutoka futi 10 hadi 15. Teke lililokuwa la umbali likawa la shabaha.

Nyavu

Ukibana nguzo hivyo, mipira mingi itapita pembeni. Nyuma ya nguzo kuna viti vya watu. Jibu lilikuwa nyavu mbili, moja kila upande wa nguzo, kila moja ikiwa na upana wa futi 30 na urefu wa futi 32, zimefungwa kwa kukazwa. Piga hesabu tena: 30 na 9 na 30 ni futi 69 kati ya 85, kwa hiyo kona za ukumbi zinabaki wazi futi 8 kila upande. Ukingo wa chini wa wavu uko futi 8 kutoka sakafuni, mita 2.44, urefu uleule wa mwamba wa goli la soka. Mchezaji hupita chini yake bila kuinama; wa juu ni futi 40.

Nyavu zingeweza kuwa kinga ya watazamaji tu. Ubunifu wa Foster ni kuamua kwamba mpira ukigonga wavu na kurudi bado uko hai, na yeyote anaweza kuuchukua. Teke lililokosa nguzo si mwisho wa shambulio. Linarudi kiwanjani na wote 16 wanalikimbilia.

Mtazame mpokeaji wa mpira wa kuanzia, maana kazi yake ndiyo iliyobadilika zaidi. Mpigaji anasimama kwenye mstari wa goli lake. Yadi 50 mbele yake ni mstari wa wapinzani, na 8 nyuma ya huo ni nyavu, kwa hiyo teke zuri linafika wavuni bila kuguswa. Mpokeaji wa nje husubiri akiwatazama wanaomkimbilia. Huyu wa ndani analazimika kugeuka, awape mgongo wapinzani saba wanaokuja mbio, ausome mpira unavyotoka wavuni. Na mpira wenyewe si wa duara. Ukigonga kwa tumbo unarudi kwa wastani; ukigonga kwa ncha unaweza kudondoka wima miguuni mwa wavu au kuruka pembeni. Kosa linalotokea mara nyingi ni kusimama karibu mno: mpira unapita juu ya kichwa, unarudi kiwanjani, na wa kwanza kuufikia ni mpinzani aliye yadi chache tu kutoka kwenye tachidauni. Anayeijua kazi hukaa hatua kadhaa mbele, mwili umegeuka nusu, ili aukutane ukiwa unakuja.

Sheria pia ilifufua teke la zamani ambalo futiboli ya nje ilikuwa imelisahau: mpigaji anauachia mpira udondoke, na unapodunda tu anaupiga. Likipita katikati ya nguzo kama teke la kawaida la kufunga, lilihesabiwa pointi 4 badala ya 3. Baada ya tachidauni, pointi 2 badala ya 1. Ni teke gumu kwa mpira wenye ncha, kwani ukianguka ukiwa umeinama kidogo tu unadundia kusikotakiwa.

Wanane wanaofanya kazi ya kumi na sita

NFL ina kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda, na kila klabu inabeba zaidi ya watu arobaini siku ya mechi. Ligi mpya isingeweza kuwalipa wala kuwasafirisha. Foster akarudisha desturi ya kale: wachezaji wengi wacheze pande zote mbili. Anayemlinda kotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, akishambulia ndiye huyohuyo anayemvamia kotabeki wa wapinzani mpira ukipotea. Mpokeaji wa pasi anageuka mlinzi wa pasi. Kotabeki, mpigaji na wataalamu wachache ndio walioachiwa kazi moja. Kubadilisha wachezaji nako kulibanwa kwa kila kota, yaani robo ya mechi, kocha asije akatengeneza vikosi viwili kwa mlango wa nyuma.

Faida ya fedha ni wazi: kikosi cha watu ishirini hivi kinatosha. Faida ya mchezo haikuwa dhahiri, nayo ni kwamba uchovu uliingia kwenye hesabu. Mtu wa kilo 120 aliyesukumana kwa majaribio manane ya kushambulia hapumziki. Anavuka mstari na kuanza upya. Kufikia kota ya nne walinzi wanachelewa nusu hatua, na ndani ya futi 85 nusu hatua ni tachidauni. Kwa maoni yetu hii ndiyo sheria iliyoupa mchezo utu wake, kuliko hata nyavu.

Ushambuliaji ulipewa msaada mwingine. Mpokeaji mmoja aliruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mbele kabla mpira haujatolewa, jambo ambalo NFL hairuhusu ingawa Canada limezoeleka. Mlinzi amesimama, mshambuliaji anampita akiwa tayari kwenye mwendo wa juu. Walinzi wa kati nao waliwekewa mipaka ya lini na wapi wanaweza kumvamia kotabeki. Ongeza saa, ambayo iliendelea kutembea hata pasi ikianguka au mchezaji akibanwa ukutani, na kusimamishwa kwa sababu hizo dakika ya mwisho tu ya kila nusu, na unaelewa kwa nini pasi fupi za harakaharaka zilitawala. Kukimbia na mpira katikati ya watu 16 waliobanana kulikuwa kuomba kuumia.

Kuumia kulikuwepo kwa kila hali. Zulia la nyasi bandia lilitandikwa kwa vipande vilivyounganishwa, chini yake sakafu ngumu ya ukumbi. Kiungo kikifunguka kidogo, kiatu kinanasa. Na ukuta, hata ukiwa na sponji, ni ukuta. Nje, mchezaji anayesukumwa pembeni ana mita kadhaa za kupunguza mwendo, lakini hapa alisimamishwa na ubao uliofika kiunoni, mara nyingine miguu ikiwa juu na kichwa kwa watazamaji wa safu ya kwanza.

Timu nne, mechi 12

Kabla ya kuomba fedha za watu, wazo lilijaribiwa. Mechi ya kwanza ya majaribio ilichezwa Aprili 1986 Rockford, Illinois, bila tangazo kubwa, kuona kama sheria zinafanya kazi. Ya pili, ya kuwaonyesha wawekezaji na watu wa runinga, ikafanyika Februari 1987 Rosemont Horizon, karibu na Chicago. Miezi minne baadaye ligi ikaanza.

Timu zilikuwa nne tu: Pittsburgh Gladiators, Denver Dynamite, Washington Commandos na Chicago Bruisers. Pittsburgh walicheza Civic Arena, ukumbi wa paa la chuma la kuba. Denver, McNichols Arena. Washington walikuwa Capital Centre kule Landover, Maryland. Na Chicago, Rosemont Horizon. Kumbi zote nne zilikuwa za miji mikubwa, na zote zilikuwa na pengo lilelile kwenye kalenda. Wakati ule hoki na mpira wa kikapu viliisha kufikia katikati ya Juni, na NFL ilianza Septemba. Katikati ya hapo mwenye ukumbi analipia umeme, walinzi na mikopo huku viti vikiwa vitupu. Mpangaji wa wiki sita alikaribishwa, na ESPN, kituo cha runinga cha michezo kilichohitaji michezo hai ya kiangazi, ikaonyesha mechi.

Ratiba ilikuwa rahisi kuliko zote zinazowezekana: kila timu ikutane na kila nyingine mara mbili. Mechi 6 kwa timu, 12 kwa ligi nzima. Pazia lilifunguliwa tarehe 19 Juni 1987 Pittsburgh mbele ya watu 12,117, na wenyeji wakawafunga Washington 48 kwa 46. Pointi 94 kwenye mechi moja, tofauti ya pointi 2. Mtu angetaka tangazo bora kuliko hilo angelazimika kulitunga.

Makocha walikuwa watu wa kazi. Ray Jauch wa Chicago alikuwa amefundisha miaka mingi Canada, kwenye kiwanja tofauti na sheria tofauti. Tim Marcum wa Denver alitoka USFL, naye aliwahi kuuelewa mchezo huu kama mchezo wenyewe na si kipande kilichokatwa kutoka kwa mwingine. Angekuja kutwaa mataji saba katika ligi hii, na la kwanza lilikuwa la mwaka huohuo. Denver na Pittsburgh walimaliza na ushindi 4 na vipigo 2 kila mmoja, Washington na Chicago ushindi 2 na vipigo 4. Mchezaji bora wa msimu alichaguliwa Russell Hairston, mpokeaji wa Pittsburgh.

Fainali, ArenaBowl ya kwanza, ilikuwa tarehe 1 Agosti palepale Civic Arena, na watazamaji 13,232. Pittsburgh walikuwa nyumbani na mchezaji bora alikuwa wao, lakini Denver waliwafunga 45 kwa 16, mpokeaji Gary Mullen akitajwa bora wa fainali. Kutoka mechi ya kwanza hadi kombe, siku 43.

Fedha za mwenye nyumba mmoja

Jambo linalochanganya watu zaidi ni umiliki. Mwaka 1987 hakukuwa na klabu nne zinazojitegemea. Ligi yenyewe ilimiliki timu zote, ikasaini wachezaji, ikalipa makocha. Majina na rangi vilitofautiana, mfuko ulikuwa mmoja. Lengo lilikuwa kuepuka kilichoiua USFL, ambayo wamiliki wake walishindana kuwapandishia nyota mishahara hadi wenye mifuko mifupi wakazama. Mfuko ukiwa mmoja hakuna wa kumpandia mwenzake dau.

Udhaifu wake ni kwamba hakuna mtu wa mjini ambaye timu ni yake. Kuuza tiketi za kiangazi kunahitaji mtu anayejulikana na wenye maduka, shule, redio za pale. Ligi ikaanza kuingiza wamiliki mwaka 1988, na hapo ukaonekana udogo wa msingi wa 1987. Denver, mabingwa, hawakucheza kabisa msimu wa pili. Washington nao hawakucheza. Zikaja timu nne mpya, New York Knights, Los Angeles Cobras, New England Steamrollers na Detroit Drive, na ratiba ikapandishwa hadi mechi 12 kwa kila timu. Mwaka uliofuata, kati ya hizo nne mpya ilibaki Detroit tu, iliyokuwa ya Mike Ilitch, mwenye pia klabu ya hoki ya Red Wings iliyokuwa ikichezea ukumbi uleule. Wengine walikuwa wapangaji, yeye alikuwa kama kwake.

Msimu wa 1989 ulikuwa wa kuokoa jahazi. Wamiliki na uongozi walikuwa wamegombana juu ya nani anaamua nini, timu zilibaki tano, Denver wakiwa wamerudi na Washington wakiitwa sasa Maryland, na kila moja ikacheza mechi 4 tu, nyingi katika miji isiyo na timu. Ligi ilifika 1990 ikiwa hai kwa shida.

Mwaka huo ndipo Foster alipopata karatasi iliyoilinda kazi yake. Tarehe 27 Machi 1990 Marekani ilimpa hataza (patent, haki ya kisheria ya mbunifu) namba 4,911,443 ya mchezo wenyewe, pamoja na nguzo zake na nyavu zinazorudisha mpira. Mchezo wa timu kupewa hataza ni nadra sana, na ulikuwa na athari ya moja kwa moja: ligi nyingine za ndani zilizoibuka mwishoni mwa miaka ya 1990 zilicheza kwenye kumbi zilezile, kwa wachezaji wanane au pungufu, kwenye yadi 50 zilezile, lakini bila nyavu. Kwenye ligi hizo teke lililokosa nguzo lilikuwa limekosa, mpira ukaingia kwa watazamaji, mchezo ukasimama. Foster mwenyewe alikuja kuanzisha klabu ya Iowa Barnstormers, na kotabeki wake wa 1995 hadi 1997, Kurt Warner, alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL, ya Januari 2000 akiwa na St. Louis Rams. Gladiators wa Pittsburgh, waliofungwa ile fainali ya kwanza nyumbani, walihamia Florida mwaka 1991 wakawa Tampa Bay Storm, wakatwaa kombe mwaka uleule, na wakaendelea kucheza hadi 2017, wa mwisho kati ya wale wanne.